Katuba: Mtoto anayechechemea asifichwe ndani ya lupango



Wengi wenu munajua sauti yangu. Munaisikia asubuhi wakati mama anawasha makala, munaisikia jioni wakati bukari inaiva. Mguu wangu hamujauona, kwa sababu redio haioneshi miguu. Leo nitauzungumzia. Si kwa kutafuta huruma, ila kuna jambo nimeliona hapa Katuba ambalo siwezi kulinyamazia.

Mguu wangu wa kushoto umelala. Nikitembea, nainua goti juu kama mtu anayevuka matope, kisha wayo unapiga chini: pa! Kambo yangu alikuwa anajua nimefika kabla sijagusa mlango. Watoto wa njia yetu walinipa jina kwa mlio ule, na jina hilo nililibeba mpaka nikamaliza shule ya sekondari.

Sikuzaliwa hivyo. Nilizaliwa na miguu miwili mizima. Nilipokuwa na miaka minne nilishikwa na malaria kali, joto likapanda, nikaanza kutetemeka. Wazazi wangu walinikimbiza kwenye kituo kidogo cha matibabu ambacho leo hakipo tena. Nikadungwa sindano ya kinini kwenye tako. Malaria ilikwisha. Mguu ulilala siku ile ile na haujaamka mpaka leo.

Ndani ya tako unapita mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mpaka kwenye vidole vya mguu. Sindano ikiugusa, au dawa kali kama kinini ikimwagika karibu yake, mshipa unaungua. Mtoto mdogo na aliyekonda ana nyama kidogo pale, kwa hiyo mshipa uko karibu sana na sindano. Munganga yeyote atawaeleza hayo leo. Wakati ule, nyumbani kwetu, hakuna aliyetueleza.

Basi tukatafuta maelezo yetu wenyewe. Wiki haikuisha, jina likapatikana: shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Alikuwa hana mtoto, na alikuwa amenibeba siku ile kabla ya kupelekwa kwenye sindano. Hayo mawili yalitosha. Walisema amenifunga mguu. Alitoka katika lupango letu na mfuko mmoja wa nguo, akaenda kuishi upande wa Kipushi. Kwa miaka miwili nilipelekwa kwenye maombi, nikapelekwa kwa munganga wa miti, nikachanjwa kwa wembe kwenye goti na kifundo. Alama ziko mpaka leo. Hospitali hawakunirudisha.

Nilipofika miaka kumi na miwili, mtu wa kinesiterapia, wale tunaowaita kine, alinikalisha mezani akajaribu kuukunja wayo wangu kwenda juu. Ulikataa. Akamwambia baba neno ambalo sijalisahau. Alisema mshipa wa fahamu uliharibika siku moja, na pengine hakuna ambaye angeweza kuurudisha wote. Lakini kifundo cha mguu hakikuharibika siku ile. Kilijifunga polepole, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu wayo uliachwa ukining'inia chini. Kano ya nyuma ikafupika, mifupa ikakua katika mkao mbaya. Kingewekwa kitu cha kuushikilia wayo tangu mwezi wa kwanza, na mama akaonyeshwa jinsi ya kuunyoosha kila siku, ningechechemea kidogo tu.

Ndugu zangu, hilo ndilo neno langu la leo. Mfupa wa mtoto hausubiri familia imalize kubishana. Unakua kila siku, na unakua kwa kufuata mkao uliouacha nao. Ukiuweka vizuri, unakua vizuri. Ukiuacha umepinda, unakua umepinda, halafu unakomaa.

Mtoto chini ya kitenge

Sababu ya kuandika ni hii. Katika kazi yangu niliingia lupango moja hapa Katuba ambako familia ya Katuba imepokea familia iliyokimbia vita. Munawajua watu hao. Tangu miaka ile ya pembetatu ya kifo, Manono, Mitwaba na Pweto, mpaka vurugu za Tanganyika na sasa watu wa Kivu ambao Goma iliwaponyoka mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu mwezi wa pili, mji wetu unaendelea kupokea. Wengine hawapiti kwenye kambi yoyote. Wanafika kwa ndugu, wanalala watu tisa ndani ya chumba kimoja.

Mama mmoja alikuwa amekaa chini ya mwembe na mtoto wa miezi mitano. Ilikuwa saa sita mchana, mwezi wa kumi, munajua joto la Lubumbashi la mwezi wa kumi. Mtoto alikuwa amefunikwa kitenge kizito kuanzia kiuno mpaka vidole, na jasho lilikuwa linamtoka. Nikasema, “Mama, mtoto anaungua na joto.” Akakaza kitenge zaidi.

Mwenye nyumba, mama wa makamo, akaniambia kwa sauti ya chini, “Yaya, muache. Miguu yake si mizuri.”

Nilifanya kitu ambacho sijawahi kufanya kazini. Nilivua kiatu na soksi, nikamwonyesha yule mama mguu wangu mwembamba, wayo unaoning'inia. Aliuangalia kwa muda mrefu. Halafu akafunua kitenge.

Nyayo zote mbili zilikuwa zimegeuka kwa ndani, zinatazamana, na visigino vimepanda juu. Mtoto mwenyewe alikuwa anacheka. Mama alisema mume wake alibaki njiani, hajui kama yuko hai. Alisema mahali alipojifungulia hakuna aliyemwambia kitu juu ya miguu ile. Alisema mtu mmoja wa maombi amemwambia damu ya vita imeingia tumboni. Akaniomba nisimtaje redioni. Simtaji. Ameniruhusu niandike kuhusu miguu, na nimeandika hayo tu.

Ugonjwa wenyewe na dawa yake

Wauguzi wetu wanauita kwa Kifaransa pied bot. Ni mguu uliopinda tangu tumboni. Kila watoto elfu moja wanaozaliwa duniani, mmoja hivi anazaliwa nao. Wavulana wanapata mara mbili kuliko wasichana. Karibu nusu yao wanakuwa nao miguu yote miwili. Unatokea Ulaya, Marekani, India, unatokea Katuba. Haujui kabila wala chama wala vita. Mama hakufanya kosa lolote: hakukaa vibaya, hakucheka kilema, hakula kitu cha mwiko.

Wayo wa mtu mzima una mifupa 26. Ya mtoto mchanga bado haijawa mifupa kamili. Sehemu kubwa ni gegedu, ile nyororo munayoijua kwenye ncha ya mfupa wa kuku. Kwa sababu ni nyororo, inaweza kusogezwa pole pole kwa mikono mpaka ikae mahali pake. Matibabu yote yanasimama juu ya jambo hilo moja.

Njia inayotumika leo karibu dunia nzima ilitengenezwa na munganga aliyeitwa Ignacio Ponseti. Historia yake itawagusa ninyi muliokimbia. Alizaliwa mwaka 1914 katika kisiwa cha Menorca, Hispania. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoikumba nchi yake, alitibu majeruhi waliovunjika mifupa. Upande wake uliposhindwa mwaka 1939, alivuka mpaka hadi Ufaransa pamoja na majeruhi. Kutoka hapo alikimbilia Mexico, na mwaka 1941 akafika Iowa, Marekani. Huko aliona watoto wa pied bot wanakatwa na kushonwa, halafu wanakua na miguu migumu inayouma. Akasema lazima kuwe na njia nyingine. Aliitafuta kwa mikono yake mwenyewe, na alifanya kazi hiyo mpaka uzee. Alikufa mwaka 2009 na miaka 95. Miguu ya watoto wengi duniani imenyooshwa na mkimbizi wa vita.

Njia yake ni hii. Mtoto analetwa mapema, ikiwezekana katika wiki za kwanza. Munganga au kine anashika wayo, anausogeza kidogo kwa upole, halafu anaufunga plasta, ile nyeupe ya kuvunjika mfupa, kuanzia vidole mpaka juu ya paja. Wiki inayofuata plasta inaondolewa, wayo unasogezwa tena kidogo, inawekwa mpya. Mara nyingi plasta tano au sita zinatosha. Watoto wengi wanahitaji pia kukatwa kidogo ile kano ya kisigino, jambo la dakika chache, kisha plasta ya mwisho ya wiki tatu. Kano inaota tena yenyewe, ndefu zaidi.

Halafu inakuja sehemu ambayo familia nyingi zinaanguka. Mtoto anavaa viatu viwili vilivyounganishwa na fimbo. Miezi mitatu ya kwanza anavivaa mchana na usiku, saa 23 kwa siku. Baadaye ni wakati wa kulala tu, mpaka afike miaka minne hivi. Mama anaona miguu imenyooka, anaona mtoto analia, anasema yamekwisha, anaviweka juu ya kabati. Miezi michache baadaye wayo unageuka tena. Musiviache. Mguu unakumbuka njia yake ya zamani.

Musiseme kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Jirani zetu wa Uganda walianza kazi hii kuelekea mwaka 2000, na kati ya walioisukuma alikuwa Shafique Pirani, munganga wa mifupa wa Kanada aliyezaliwa Uganda. Waliona kwamba wapasuaji wa mifupa ni wachache mno, basi wakafundisha maofisa wa tiba na wauguzi kuweka plasta. Haihitaji mashine kubwa. Inahitaji mikono iliyofundishwa, plasta, na mama anayerudi kila wiki.

Mwendo unasema kitu

Nimewapa mfano mmoja wa kuzaliwa na mmoja wa sindano. Iko mingine, na kila mwendo una maneno yake. Si kila mguu uliopinda ni ugonjwa, naanza na hilo ili nisiwatie hofu bure. Mtoto anayeanza kutembea mara nyingi ana miguu ya upinde, magoti yanaachana, mpaka kama miaka miwili. Akifika miaka mitatu au minne magoti yanaweza kugusana. Kufika miaka saba hivi, wengi wamenyooka wenyewe. Lakini ikiwa ni mguu mmoja tu, au upinde unazidi baada ya miaka miwili, au mtoto ana miezi 18 na hajatembea, musikae nyumbani.

Mtoto mwenye joto kali anayekataa kukanyaga, au analia ukigusa paja au goti: siku hiyo hiyo, hospitali. Musimchue. Kunaweza kuwa na usaha ndani ya kiungo au ndani ya mfupa, na usaha unakula mfupa kwa siku chache tu.

Mtoto SS anayeanza kuchechemea na kusema paja au nyonga inauma: musiseme ni ile mikikimikiki yake ya kawaida. Kichwa cha mfupa wa nyonga kinaweza kukosa damu na kufa. Akiangaliwa mapema, anapumzishwa, anapewa magongo, na kiungo kinaweza kuokolewa.

Mtoto au mtu mzima ambaye mgongo unauma miezi, anakonda, halafu uti wa mgongo unaanza kutoka nje kama kifundo: hiyo inaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa. Dawa za kifua kikuu zinaitibu. Ukichelewa, miguu inapooza.

Mtoto ambaye mguu umelegea ghafla bila kuanguka wala sindano: mwambieni muuguzi mara moja, kwa sababu inaweza kuwa polio. Afrika ilitangazwa mwaka 2020 kuwa imeondoa polio ya asili. Lakini aina nyingine, inayozaliwa na virusi vya chanjo vikizunguka mahali ambapo watoto wengi hawakuchanjwa, bado inapooza watoto wa Kongo, na Tanganyika na Haut-Lomami zimeguswa. Familia iliyokimbia na kukosa chanjo ya barabarani iombe chanjo hapa. Mtoto wa mkimbizi ana haki nayo sawa na mtoto wa Katuba.

Na kuna konzo. Jina hilo linatoka kwa watu wa Kwango, magharibi mwa nchi yetu, na munganga Trolli aliandika habari yake mwaka 1938. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, anatembea kwa vidole, magoti yanasuguana. Inashika zaidi watoto na akina mama, na haiponi. Kivu pia imeonekana. Inatoka kwenye muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka, wakati hakuna samaki wala maharagwe ya kusindikiza. Njaa na vita ndiyo inakata siku za kuloweka. Mama, hata kama watoto wanalia, muhogo mchungu uache majini siku tatu, uanike vizuri ndipo utwange.

Sindano nimewaachia mwisho. Tangu 2011 Shirika la Afya Duniani linasema malaria kali, hata ya watoto, itibiwe kwa artesunate, si kinini. Mukiona mtu anajaza kinini kwenye bomba ili amdunge mtoto wako takoni, muulize kwa heshima: “Munganga, hakuna dawa nyingine? Na kama ni sindano, haiwezi kuwekwa pajani, kwa mbele?” Kuuliza si kumtukana.

Sababu tatu za kungoja

Nimezungumza na watu wengi kuhusu jambo hili, na sababu za kungoja ni tatu.

Ya kwanza ni uchawi. Sitabishana na imani ya mtu kwenye ukurasa huu. Muombee mtoto wenu, mimi pia naomba. Lakini muombee njiani mukienda hospitali, na musimtaje mtu. Nimeona nini kinatokea nyumba ikitaja jina. Mtoto anabaki na mguu mbaya, na juu yake familia inapoteza mtu. Wachungaji wetu muko na sauti kubwa Katuba, kubwa kuliko redio. Mama akikuletea mtoto wa miguu iliyopinda, muwekee mkono, halafu umwambie: “Kesho asubuhi, kituo cha afya.” Maneno hayo matano yanaweza kumpa mtoto miguu.

Ya pili ni kusema “itanyooka yenyewe”. Miguu ya upinde ya mtoto wa mwaka mmoja, ndiyo, mara nyingi inanyooka. Pied bot hainyooki yenyewe. Kila mwezi unaopita inakuwa ngumu zaidi. Mtoto anayekua nayo atakuja kukanyaga kwa upande wa nje wa wayo, ngozi itaota sugu, itapasuka, itauma, na kazi ya kusimama sokoni au kubeba mzigo itakuwa mateso.

Ya tatu ni pesa, na hii siichezei. Plasta, usafiri wa kila wiki, siku ya kazi iliyopotea. Yule mama wa chini ya mwembe alikuwa anauza mafuta ya mawese kwa kipimo cha kikombe. Kumwambia tu “nenda hospitali” ni kumtupia mzigo na kugeuka. Kwa hiyo maneno yangu ya mwisho siyaelekezi kwa akina mama peke yao.

Ninachoomba

Kwa wakunga na wauguzi wa kila chumba cha kuzalia cha Katuba: mtoto akitoka, munahesabu vidole. Angalieni na nyayo pia. Zikiwa zimegeuka, mwambieni mama siku ile ile, kwa maneno laini, kwamba ugonjwa unatibika, na mumwandikie karatasi ya kumtuma kwenye hospitali kubwa. Sendwe na Kliniki za Chuo Kikuu ndiko kesi nzito za mji huu zinapelekwa. Huko aulize wanganga wa mifupa na kine. Mama aliyeambiwa siku ya kwanza anarudi wiki ya kwanza. Mama ambaye hakuambiwa anafunika kitenge.

Kwa wakubwa wa afya wa mkoa: fundisheni wauguzi wachache wa vituo vya karibu kuweka plasta hizi, kama Uganda walivyofanya. Mama wa Kisanga asilazimike kuvuka mji mzima mara sita na mtoto mwenye plasta mbili mgongoni.

Kwa mashirika yanayosaidia waliokimbia vita: munapoandika majina ya familia kwa ajili ya unga na mafuta, ulizeni swali moja zaidi: “Kuna mtoto asiyetembea vizuri?” Watu hawataji mpaka waulizwe. Na familia ikihamishwa mahali pengine katikati ya matibabu, ipewe karatasi inayosema mtoto amefika plasta ya ngapi. Plasta ya tatu iliyokatizwa inarudi kuwa plasta ya kwanza.

Kwa majirani na vikundi vya likelemba: usafiri wa wiki sita wa mtoto mmoja, tukigawana watu kumi na wawili, hauumizi mtu. Tunachanga kwa matanga bila kuombwa mara mbili. Tuchange na kwa miguu.

Kwa akina baba: mtoto akizaliwa na mguu uliopinda, usiulize ukoo wa mke wako ulifanya nini. Beba mtoto. Mara nyingi baba akiwa kwenye benchi la hospitali, mama hachoki upesi.

Habari za mwisho

Yule mama, mwenye nyumba wake na wanawake wawili wa lupango ile walifanya hesabu yao jioni ileile niliyoondoka. Nilikuwa sijamaliza hata kuandika. Walimpeleka. Mtoto ameshafungwa plasta ya nne. Nilipita pale wiki iliyopita. Nyayo hazitazamani tena, zimeanza kutazama mbele. Kitenge kilikuwa kimeanikwa kwenye kamba. Bado kuna kano ya kisigino, bado kuna viatu vya fimbo na miaka minne ya kuvilinda, na bado baba hajulikani alipo. Lakini mtoto alikuwa amelala uchi wa miguu mbele ya watu wote, plasta mbili nyeupe zinang'aa juani.

Kuhusu shangazi yangu: alifariki nikiwa darasa la nne la sekondari. Nilikuwa nimeshaelezwa habari ya sindano miaka minne kabla, na nilikuwa ninajua njia ya Kipushi. Nilikuwa nasema nitakwenda kumwambia kwamba hakuwa yeye. Nilingoja pesa ya gari, halafu nikangoja mtihani, halafu nikangoja baba aanze yeye. Sisi watu wa nyumba ile tulijua kungoja.

Kama ndani ya lupango lenu kuna mtoto anayechechemea, na kuna mtu ambaye jina lake limetajwa kwa sababu hiyo, kesho asubuhi muko na safari mbili. Mpelekeni mtoto, na mkamrudishe mtu wenu.